Hatua za Mzee Mita

Watu wa Nansengwa walikuwa na mita yao wenyewe, na mita hiyo ilikuwa na miguu miwili. Ilikunywa chai ya rangi asubuhi, ilikohoa, ilikwenda kanisani Jumapili, na siku nyingine iligombana na mkewe kwa sababu ya chumvi. Jina lake la ubatizo ni Lwitiko. Lakini ungefika pale kijijini, juu ya Iyula, ukamuulizia Lwitiko, watu wangekukodolea macho kwanza, halafu mmoja angeangua kicheko: "Aa, Mzee Mita! Si ungesema tangu mwanzo."

Jina hilo alilipata mwaka 1984, wakati kiwanja kidogo cha ndege kilipokuwa kinachongwa katikati ya mibuni na mahindi. Alikuja mpima ardhi kutoka mjini, mtu mkali asiyecheka, na mnyororo wake wa kupimia. Alitaka kijana wa kumshikia ncha ya mnyororo. Lwitiko alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu kuliko wenzake wote, na alikuwa na tabia ya kuhesabu hatua zake kimoyomoyo kila alipotembea. Siku ya tatu akamwambia mpima ardhi kwamba hapo walipofika ni mia sita. Mpima ardhi akatazama daftari lake. Ilikuwa mia sita.

Yule bwana akaacha kazi akamtembeza. Hatua mia moja kandokando ya mnyororo, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kila mara mguu ulikanyaga kwenye pete ya mwisho. Mpima ardhi asiyecheka akacheka siku hiyo, akasema mbele ya vibarua wote, "Huyu kijana hatua yake ni mita kamili. Mkipotewa na mnyororo, mtumieni yeye." Basi ikawa hivyo. Mnyororo ukarudi mjini na mwenyewe, mita ikabaki Nansengwa.

Kuanzia hapo hapakuwa na shamba lililogawanywa, msingi wa nyumba uliojengwa wala kaburi lililochimbwa bila Lwitiko kuitwa. Ndugu wawili wakigombea mpaka wa mibuni, anaitwa. Anatembea, kifua mbele, kichwa juu, watu wanamfuata nyuma kimya utadhani wako ibadani, na akitamka idadi, ugomvi umekwisha. Hakuwa tajiri, hakusoma sana, hakuwa mzee wa kanisa. Alikuwa na hatua yake tu, na mtu akiwa na kitu kimoja cha kujivunia, jamani, hukishika kwa mikono miwili.

Kiwanjani walimpa kazi ya kudumu. Alikuwa mlinzi, mfyeka majani, mpiga chokaa na mpeperusha bendera, yote kwa pamoja. Kiwanja chenyewe kilikuwa barabara ya changarawe yenye urefu wa mita elfu moja na mia moja, kibanda cha bati, na mlingoti wenye soksi ya kuonyesha upepo. Ndege zilikuwa ndogo za injini moja, zikileta madaktari, dawa za chanjo, na wakati mwingine wazungu wa kutafuta dhahabu waliokuwa wakielekea bonde la Mkwajuni. Wiki nyingine haikuja hata moja. Lakini Lwitiko alikuwepo kila siku saa moja asubuhi, na kofia yake.

Ukimkuta ana nafasi angekusimulia historia ya kiwanja kile, na historia yake yote ilikuwa ya ajali. Kila sheria ilikuwa na mkasa wake. Uzio wa michongoma ulipandwa baada ya ndege kumgonga ndama mwaka 1991. Ndama alikufa, rubani akavunjika pua. Mitaro ya pembeni ilichimbwa baada ya gurudumu kuzama kwenye tope. Na mwaka 2003 ndege iliyojaa mizigo ilikimbia mpaka mwisho bila kuinuka, ikaishia pua ndani ya mahindi, hatua chache kutoka kwenye korongo. Hakuna aliyekufa. Wataalamu wakaja, wakapima, wakaagiza mawe meupe yapangwe pande zote mbili za njia, mita mia nne kabla ya mwisho. Rubani akifika kwenye mawe hayo na ndege haijainuka, asijaribu tena; akate injini, afunge breki, mita mia nne zinamtosha kusimama. Lwitiko aliyapa jina: mawe ya kukata shauri.

Mawe hayo ndiyo yaliyokuwa fahari yake. Kila mwaka mwezi wa sita, mvua ikishaisha, yalikuwa yamefunikwa na majani, mengine yamepinduliwa. Lwitiko alianza ukingoni mwa korongo, akatembea hatua mia nne, akayapanga upya na kuyapaka chokaa. Kisha akaandika kwenye daftari la kibandani: *Mawe ya kukata shauri, mita 400. Sahihi.* Akatia saini yenye mkia mrefu.

Mwezi wa pili mwaka 2019, akitoka Vwawa, bodaboda iliyombeba iliteleza kwenye kona ikamtupa mtaroni. Nyonga iliumia. Alilala hospitali wiki tano, akarudi nyumbani, akakataa gongo la kutembelea. Mkewe, Atuganile, alimsihi alishike hata kwa miezi miwili. Akamjibu, "Mita itembee na gongo? Watu watasema nimeongeza mguu." Atuganile akacheka kwa sababu mumewe alitaka acheke, lakini moyoni hakufurahi.

Mtu haoni hatua yake ikifupika. Nyonga ilikuwa inamuuma, naye alijizoeza kutembea kwa namna ambayo haiumi, na namna hiyo akaiona ndiyo ile ile ya siku zote. Mwezi wa sita akahesabu mia nne kutoka korongoni, akashangaa kuyakuta mawe yako mbele zaidi. Akayarudisha nyuma, kuelekea korongo, mahali hesabu yake ilipokomea. Mwaka uliofuata nyonga ilizidi, hatua ikafupika tena, ikawa vile vile. Na uliofuata. Kila mwaka mawe "yamesogezwa," na Lwitiko hakuwa na shaka nani anayasogeza. Ni Tukuswiga, mfuga ng'ombe wa ng'ambo ya uzio, ambaye mifugo yake ilizoea kupenya michongoma.

Alimshtaki ofisi ya kijiji mara mbili. Tukuswiga aliapa kwa jina la mama yake.

"Mwenyekiti, ng'ombe wangu wanakula majani. Hawali mawe," alisema. "Na hata wakiyapiga teke, watayapiga yote upande mmoja, kwa mstari?"

Watu wakacheka. Lakini kati ya neno la mfuga ng'ombe na neno la Mzee Mita, nani angehangaika kupima? Tukuswiga akaambiwa aache uongo. Miaka minne mtu yule alibeba jina la mwongo, na mawe yakaendelea kulisogelea korongo.

Siku yenyewe ilikuwa ya Machi, miaka miwili iliyopita. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika kidogo saa nne. Rubani alikuwa Habibu, kijana wa Tunduma mwenye miaka thelathini na moja, mcheshi, ambaye kila akitua alimpigia Lwitiko saluti na kumwambia, "Shikamoo Mita, nchi ina urefu gani leo?" Abiria alikuwa mmoja, nesi Fides, binti wa Nansengwa aliyesomeshwa kwa kahawa ya baba yake, akipeleka chanjo bondeni kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika. Alipanda ndegeni huku akimpungia Lwitiko mkono. Begi lake la baridi lilikuwa jekundu.

Lwitiko alipeperusha bendera ya kijani. Ndege ikakimbia, ikarusha maji pande zote mbili. Changarawe iliyolowa iliishika magurudumu. Ilipofika kwenye mawe bado ilikuwa chini, na Lwitiko akasikia injini ikikatwa. Akashusha pumzi. Alijisemea, vizuri, kijana amekata shauri, mia nne zinamtosha. Akaiona ndege inapunguza mwendo, inapunguza, ikafika pale ambapo ilitakiwa iwe na nafasi bado, na nafasi ikawa hakuna. Iliingia korongoni taratibu, karibu kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Kama ingekuwa na mita hamsini zaidi ingesimama. Hilo ndilo lililomuumiza kila aliyeona: haikupasuka, haikuungua, ilianguka tu kichwa chini. Habibu na Fides hawakutolewa wakiwa hai.

Wachunguzi wa kampuni yenye ndege walikuja keshokutwa yake, wawili, mvua ikiwa imerudi. Walitafuta alama za breki kuanzia kwenye mawe: maji yalikuwa yameshazifuta. Walipouliza mawe yako umbali gani kutoka mwisho, Lwitiko aliwapa daftari. *Mita 400. Sahihi.* Miaka na miaka ya saini zenye mkia. Wakaona kwamba kwa mita mia nne ndege ile ilipaswa kusimama, basi kosa ni la mwenye kushika breki. Wakaandika ripoti, na neno moja kati ya yote yaliyoandikwa mle likatoka likashuka mpaka Iyula, likafika Tunduma: rubani alichelewa. Alichelewa kufunga breki.

Fides alizikwa siku ya Jumamosi. Fundi wa jeneza alipiga simu kutoka Vwawa, akataja urefu, na Lwitiko akaitwa kupima kaburi kama kawaida. Alitembea mbele ya vijana wenye sururu, mbili na robo, akachora mstari kwa kisigino. Wakachimba. Saa nane jeneza likateremshwa kwa kamba, na jeneza likakataa kuingia. Kaburi lilipungua kwa shubiri moja na nusu hivi. Mama yake Fides akapiga ukelele kwamba mwanawe hataki kuondoka, na wanawake wote wakaupokea. Wakalipandisha, wakaliweka juu ya udongo, watu wakasimama kwenye manyunyu wakingoja vijana wachimbe upande wa kichwa.

Lwitiko alitazama ile nafasi iliyopungua. Alitazama miguu yake. Kisha, bila kutaka, akayaona mawe meupe, na Tukuswiga akiapa kwa jina la mama yake, na ndege ikiishiwa na nafasi. Alielewa yote kabla vijana hawajamaliza kuchimba. Mtu mmoja akamshika bega, akamwambia, "Pole, Mzee Mita. Fundi amekosea vipimo." Akaitikia, "Ndiyo. Fundi amekosea."

Hapo ndipo alipokosa. Zile hatua zilikuwa ajali, mimi siwezi kumlaumu mzee kwa kuzeeka. Lakini lile "ndiyo" alilisema kwa akili zake timamu, na aliendelea kulisema kwa miaka miwili, kwa kunyamaza. Watu walipomtukana Habibu msibani, alinyamaza. Walipotania kwamba vijana wa mjini wamezoea kuendesha kwa simu mkononi, alinyamaza. Hakupima tena shamba la mtu, alisingizia nyonga. Ndege zilisimamishwa, majani yakaota kwenye changarawe, naye aliendelea kwenda kiwanjani kila asubuhi na kofia yake, kulinda kiwanja kisichojiwa na mtu.

Mwanaisha, mama yake Habibu, alikuja mwaka huu, mwezi wa tano. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushee, mzaliwa wa Ujiji aliyekuja Tunduma na mumewe dereva wa malori, akabaki mjane na duka la vitenge karibu na mpaka. Wateja wake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walimwita *bamayo*, mama, kwa heshima. Magoti yalikuwa yamemchoka, akawa anaegemea fimbo ya mita ya dukani, ile ya mbao yenye alama za sentimita, iliyolainika kwa miaka arobaini ya kupimia vitambaa. Alipiga hodi mlangoni kwa Lwitiko saa tatu asubuhi, peke yake.

"Mimi ni mama Habibu," alimwambia Atuganile. "Namtafuta kaka wa kiwanjani."

Atuganile akamwekea kiti, akamletea chai. Lwitiko alitoka ndani, akasimama, akasahau hata kusalimu. Macho ya yule mama yalikuwa yale yale ya Habibu.

"Pole sana, mama," alisema hatimaye. "Pole na msiba."

"Tumeshapoa, kaka. Sikuja kulia." Alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka ikaanza kukatika. "Walinisomea hii. Wanasema mwanangu alichelewa. Mimi nimemzaa yule. Alizaliwa kabla ya siku zake. Shule alikuwa anafika geti halijafunguliwa. Basi nikasema, kabla sijafa, niende nikazione hizo mita mia nne zilizomshinda Habibu."

Wakaenda. Atuganile alitaka kuwafuata, mumewe akamwambia abaki. Walipofika kwenye mawe, chokaa ilikuwa imefifia lakini yalionekana, Lwitiko akanyoosha mkono kuelekea korongoni.

"Ni hapa, mama. Mpaka kule ukingoni."

"Tembea nione," alisema Mwanaisha. "Habibu alinihadithia kwamba wewe ndiye mita ya huku. Alikuwa anakusifu sana."

Lwitiko angeweza kusema nyonga inamuuma. Alikuwa amewaambia watu hivyo mara nyingi. Lakini jina la Habibu katika sentensi ile lilimfunga mdomo, akaanza kutembea, kifua mbele, kama zamani. Mwanaisha alisimama na fimbo yake, akamtazama miguu. Miaka arobaini amekaa nyuma ya meza akitazama mikono ya watu ikivuta vitambaa, ya wauzaji wake na ya wateja wajanja, na alikuwa haangalii tena fimbo ili kujua kama kitambaa kimepunjwa. Hatua ya kumi hata haikufika.

"Kaka, simama."

Akasimama.

"Hiyo si mita."

Upepo ulikuwa unapita kwenye majani. Lwitiko hakugeuka.

"Mama, miguu hii ndiyo iliyopima kiwanja chote hiki."

"Sikatai. Labda zamani. Lakini hiyo ninayoiona haifiki. Ningekukatia kitenge namna hiyo ungenirudishia dukani na matusi juu."

Lwitiko akarudi, akaketi kwenye jiwe moja jeupe, akavua kofia. Aliona aibu kubwa, na pembeni ya aibu, jambo ambalo hakulitegemea, aliona kitu kama ahueni.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba haifiki. Na kwamba mawe haya hayako mahali pake. Mwanao hakuwa na mita mia nne, mama. Niliyaweka mimi."

Mwanaisha akamsogelea. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kumzika Fides."

"Miaka miwili."

"Ndiyo, mama."

Hakupiga kelele. Lwitiko alikuwa amejitayarisha kwa kelele, hata kwa kupigwa na ile fimbo, na angeshukuru. Mwanaisha aliongea polepole. "Miaka miwili, kaka, wanawake wa hapa kwenu wakija Tunduma kununua vitenge wanapita duka langu wananunua la jirani. Mmoja aliniambia usoni, mwanao kamuua nesi wetu. Nikamwomba radhi. Mimi! Nilimwomba radhi." Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Inuka. Tupime."

Akailaza fimbo chini, ncha moja kwenye mstari wa mawe. Lwitiko akaweka kidole mwisho wa fimbo, Mwanaisha akaisogeza mbele, akailaza tena.

"Hesabu wewe," alisema. "Nataka nizisikie kwa mdomo wako."

"Moja," alisema Lwitiko. "Mbili."

Wazee wawili, mmoja na magoti mabovu, mwingine na nyonga mbovu, walikwenda hivyo juu ya changarawe, wakiinama na kuinuka, jua likipanda. Kila baada ya hamsini walipumzika bila kutazamana. Ilipofika mia mbili Lwitiko alianza kuhesabu polepole, kwa sababu korongo lilikuwa limeshakuwa karibu mno. Mia mbili na hamsini. Mia mbili na themanini. Ncha ya fimbo ilichungulia ukingoni.

"Mia mbili themanini na nane," alisema.

Mwanaisha alitazama chini korongoni. Majani yalikuwa yamefunika kila kitu isipokuwa kipande cha bati cheupe.

"Mia na kumi na mbili," alisema. Hesabu ya kupunjwa ilikuwa kazi yake. "Umempunja mwanangu mita mia na kumi na mbili."

Lwitiko akapiga magoti, akaanza kumwomba msamaha. Akamkatiza.

"Hapa hapana. Hapa tuko wawili na nyasi. Mwanangu alitukanwa mbele za watu, kaka. Kasemee huko."

Mkutano wa kijiji ulikuwa Jumamosi ile. Mwenyekiti, Gibson, alidhani Mzee Mita anataka kuzungumzia uzio, akampa nafasi ya kwanza. Lwitiko alisimama mbele, akasema kwa Kiswahili kwanza na kisha kwa Kinyiha ili hata bibi wa mwisho asikie. Alieleza bodaboda, nyonga, mawe, daftari. Alieleza jeneza la Fides. Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, akidhani ni utani.

Baba yake Fides aliinuka, akavaa kofia yake, akaondoka. Mpaka leo hajamsalimia Lwitiko, na sidhani kama atamsalimia. Tukuswiga naye alisimama. Watu walitegemea atukane.

"Miaka minne umeniita mwongo, Mita," alisema. Halafu akatafakari, akajisahihisha taratibu. "Umeniita mwongo, Lwitiko."

Hakuna aliyepanga, hakuna aliyepiga kura, lakini tangu dakika ile jina la Mita lilikufa Nansengwa. Kesho yake Atuganile alisikia jirani akiita getini, "Mzee Lwitiko yupo?" na akajifungia jikoni akalia. Mumewe alimsikia, akakaa nje.

Gibson aliandika barua, Lwitiko akatia saini isiyo na mkia, daftari likaambatanishwa, ikapelekwa kwenye kampuni. Jibu lilifika Septemba. Mwanaisha alilipokea dukani, hakulifungua. Alipiga simu Nansengwa.

"Ile ya kwanza nilisomewa na watu wengine," alisema. "Hii njoo unisomee wewe."

Lwitiko alifika Tunduma mchana, akapita katikati ya foleni ya malori na wabadilisha fedha, mpaka makaburi ya Waislamu, alikoambiwa amkute. Siku ya mazishi ya mwanawe Mwanaisha alibaki nyumbani na wanawake wenzake, kama ilivyo desturi. Kaburi alikuja kulijua baadaye, kwa kuonyeshwa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kidogo kando yake, fimbo ya mita mapajani. Lwitiko aliposogea alijikuta anahesabu hatua kutoka getini. Akaiacha hesabu katikati.

Alifungua bahasha, akasoma. Barua ilikuwa fupi na ya baridi kama barua za ofisi zilivyo. Alama za kiwanja hazikuwa mahali palipoandikwa. Breki zilifungwa kwa wakati. Ripoti ya awali inarekebishwa. Alipomaliza, Mwanaisha akamwambia asome tena ule mstari wa breki, naye akausoma tena.

Mwanaisha aliinamia kaburi.

"Umesikia, baba?" alisema, kwa sauti ya mama anayemwamsha mtoto asubuhi. "Hukuchelewa. Hukuchelewa, Habibu wangu."

Machozi yalimtoka Lwitiko, hakuyafuta.

"Niliyechelewa ni mimi," alisema.

Mwanaisha hakumpinga. Alimpa fimbo amshikie, akashika ukingo wa kaburi, akaanza taratibu kupiga magoti.